Kabati la Mlango wa Uani

Daktari Wen, mpangaji wangu wa chumba cha mbele,
anakula muhogo wa nazi kwa vijiti
na Kiswahili chake kimekaa upande upande
kama mgeni aliyewahi mwaliko.

Jumapili moja hakwenda hospitali.
Alisimama ukumbini, viatu mkononi,
akaikagua nyumba yangu
kama anavyokagua mgonjwa:
hapa pamevimba, pale pamekauka,
kule damu haifiki.
"Mama Zuleha," akasema, "nyumba yako haipumui."

Nilicheka. Nyumba ya mawe na udongo,
boriti za mikandaa, bati la kutu,
hapa Mkoani kilimani
ambapo mvua ya masika huingia bila hodi!
Yeye hakucheka. Alinyoosha kidole
kwenye kabati.

Kabati la mvule, la marehemu Mbarouk,
milango mitatu, kioo kimoja,
limesimama limeuziba mlango wa uani.
Kwenda jikoni tunatokea mbele,
tunazunguka ubavuni kwa Mkasi,
sahani mkononi, manyunyu kichwani,
mwaka wa sita huu,
na hakuna aliyewahi kuuliza.

"Mlango wa mbele ni mdomo wa nyumba," akasema Wen,
"na wa nyuma ni…" akalitafuta neno, akalikosa,
akajipiga kofi makalioni.
Hapo tulicheka wote.

Kwao ni elimu, wanaiita upepo na maji:
kila kimoja kina njia yake ndani ya nyumba,
ukikikatia njia, kinanuna.
Kitanda kisitazamane na mlango.
Kioo kisimtazame aliyelala.
Nikamwambia, hilo la kioo bibi yangu alilijua,
alikuwa akikifunika kanga usiku wa radi,
na hakufika China, hata Unguja hakufika.

Tukaingia chumbani. Samadari, alitaka
kichwa kiende kusini, miguu kaskazini.
Nikasema hapana, daktari.
Kaskazini ndiko tunakoelekeza nyuso,
hatulali tukakupiga mateke.
Aliitazama dira ya simu yake,
akautazama msala wangu ulivyotandikwa,
kisha, bila neno, akauhamisha mto mwenyewe.

Kwa kabati tuliwaita watoto wa Mkasi, wawili,
tukapaka sabuni chini ya miguu yake.
Likalia. Likasogea.
Nyuma yake: vijumba vya nyigu, vikavu,
sarafu ya shilingi mia mbili,
na ukuta ungali na rangi ya kwanza,
kijani cha ndimu mbichi,
aliyoipaka Mbarouk wiki ya harusi yetu
akilaumu brashi.
Komeo limeshika kutu.

Niliwaambia watu lilikuwa la kuzuia panya.
Panya!
Mlango ule ndio alikopitishwa kwenda kuoshwa uani,
miguu imetangulia, shuka la maua,
na mtu mmoja, sijui nani, akisema taratibu, taratibu, kizingiti.
Siku ya tatu ya eda, wenzangu wamelala,
nililisukuma kabati kwa mgongo, peke yangu,
nguo zake zote zikiwa ndani.

Wen alileta mafuta ya nazi kwa pamba,
akalilainisha komeo kama anayesafisha kidonda.
Hakuniuliza kitu.
Tuliposukuma, upepo uliingia
ukaipekua kalenda mpaka Desemba,
na harufu ya samaki wa Mkasi ikaja mzima mzima.

Sasa kabati liko katikati ya ukumbi, halina kwao.
Wen analitaka kwenye pembe ya mali.
Mimi sijui hata kama nalitaka.
Tunalizunguka, tunajigonga vidole.

Halafu daktari akasimama pale katikati,
akatazama mbele, akatazama nyuma, akakunja uso.
Loo, kumbe milango yangu miwili inatazamana!
Hiyo kwao mbaya:
bahati huingia huku, ikatokea kule.
"Weka pazia," akasema.

Nitaweka. Kesho, au keshokutwa.
Kwa leo kuku wa Mkasi ndiye aliyetangulia kupita,
kutoka uani mpaka barabarani,
hakumsalimia mtu.